Tangulia Wewe

Jambo la kwanza lilikuwa kitunguu.

Wilf Shaw alirudi kutoka kazini saa kumi za jioni, bado amevaa sare yake ya udereva wa basi, akamkuta mkewe Doreen ameketi kwenye meza ya jikoni anakula kitunguu kibichi na kipande cha jibini. Alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto, anaking'ata kama tufaha. Wilf alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Kitunguu kilikuwa hakijaingia nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Tumbo la Doreen ndilo lililokuwa likitawala pale: lilijaa, likasokota, likamkimbiza chooni katikati ya harusi na mazishi, na madaktari kila walipolipiga picha walisema halina ugonjwa wa kuonekana.

"Doreen, tumbo lako," Wilf alisema.

"Halina neno." Alitafuna, akameza. "Vizuri. Vizuri sana."

Wilf alivuta kiti akaketi. Alitaka kucheka kwa furaha, lakini aliona kwanza aulize. "Bwana Lomax amekufanya nini leo?"

"Bwana Lomax amekufa," Doreen alisema. "Kitini pake, saa nane, akiwa ananilaza."

Huyu Lomax alikuwa mtu wa makamo aliyekuwa na chumba juu ya duka la kuchonga funguo, pale mjini Oldham, Uingereza. Alikuwa anatibu kwa kulaza watu kwa maneno. Si usingizi wa kukoroma. Unakaa kwenye kiti cha kuegemea, unafumba macho, naye anakuongoza kwa sauti ya taratibu mpaka mwili unalegea na akili inamsikiliza yeye tu. Hospitali kubwa nayo ilikuwa na tiba hiyo, tena bila malipo, na daktari wa mtaa alikuwa amemwandikisha Doreen. Alipouliza zamu yake itafika lini, aliambiwa miezi kumi na minne. Doreen alisema asante, akangoja sita, halafu maumivu yakamshinda akaenda kwa Lomax. Alijiona mwizi kwa kuruka foleni, na hata huko hospitali hakufuta jina lake, maana aliona kulifuta ni kuwasumbua.

Lomax alimtelemsha kila mara kwenye ngazi za kuwazia. Kumi kwenda chini, pole pole, na kule chini palikuwa kimya na hapana maumivu. Kisha alimhesabia moja hadi tano kumrudisha juu, kila namba ngazi mbili.

"Aliishia wapi?" Wilf aliuliza.

"Nilikuwa chini kabisa. Aliniambia nisubiri pale mpaka nisikie sauti yake. Halafu akanyamaza."

"Sasa nani aliyekuamsha?"

Doreen alifikiri kidogo, kidole chake kikigonga ukingo wa meza. "Hakuna. Nilipanda tu."

Kila mtu alisema hilo ni jambo la kawaida. Polisi walisema, daktari wa mtaa naye akasema: hakuna mtu anayebaki chini, sauti ikikatika mtu huamka mwenyewe. Wilf aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu kuliko fungate yao, maana wakati ule walikuwa na mama yake Doreen chumba cha pili. Walikwenda kula samaki na chipsi, wakatembea bustanini, mara tatu wakalala bila taa ya chooni kuwashwa hata mara moja. Wilf alikuwa na furaha, na furaha ikamfanya mzembe.

Jumamosi moja redio ilirusha mashindano ya bendi za tarumbeta yaliyorekodiwa wiki ile, na bendi ambayo Wilf alipigia tarumbeta ilikuwa mojawapo. Alitafuta kaseti tupu, akakosa. Ndani ya droo aliikuta kaseti ambayo Lomax alimpa Doreen, iliyorekodiwa sauti ya Lomax mwenyewe ikimtaja Doreen kwa jina, ya kufanyia mazoezi nyumbani. Mwenye tumbo amepona na mwenye sauti amekufa, Wilf aliwaza, ya nini tena? Hata hivyo hakutaka kuiharibu. Aliisogeza mbele mpaka sauti ikaisha, akasikiliza kimya kwa muda, akaridhika kwamba hapo ni patupu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Bendi yao ilishika nafasi ya nne.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuona.

Harufu ilitangulia. Nyumba iliyonukia sabuni ya unga na mkate wa kuchoma ilianza kunuka tumbaku ya kiko na peremende kali, na hakuna aliyevuta wala aliyekula peremende humo. Ikafuata hatua. Doreen alikuwa mwepesi, mwenye ndara za sufu, lakini sasa akishuka ngazi alishuka kwa kishindo, mguu mmoja ukiburuzwa kama wa mtu mwenye nyonga mbovu. Sindano zake za kufumia zilikaa kikapuni na sweta lililoishia kwapani. Siku moja alimwita mumewe "Bwana Shaw", na alipoona Wilf amegutuka alitabasamu akasema, "Legeza mabega, vizuri, acha yaanguke," na Wilf, bila kutaka, alisikia mabega yake yakianguka.

Watu wa Oldham hawana jina la jini. Wana mishipa ya fahamu, wana hewa mbaya, wana umri. Wilf alijaribu yote matatu. Alifungua madirisha, akanunua dawa ya mishipa, akajihesabia miaka hamsini na tisa. Kisha adhuhuri moja, Doreen akiwa ameketi mbele yake anasoma gazeti huku mguu wake mbovu ukiwa juu ya kigoda, Wilf alisikia kikohozi chini ya sakafu ya jikoni. Kilikuwa kidogo, cha kuzuiwa kwa ngumi mdomoni, kile ambacho Doreen alikikohoa miaka yote kwenye vyumba vya kungojea daktari ili asimuudhi mtu, na nyumba ile haikuwa na chumba cha chini, ilikuwa na udongo tu, na juu ya udongo simenti, na juu ya simenti vigae ambavyo Wilf alivipanga kwa mkono wake mwenyewe.

Aliangalia gazeti. Halikutikisika.

Kesho yake alimweleza Shahida, jirani wa ukuta mmoja, mama wa Kipakistani aliyekuwa akileta sambusa kila Idi na kupewa keki kila Krismasi. Walizungumza uani, kwenye kamba za nguo, kwa sauti ya chini.

"Mimi nilijua, kaka Wilf," Shahida alisema. "Nilimsalimu Jumatatu. Macho yaliyonitazama si ya Doreen. Nikaingia ndani nikafunga mlango."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ungesema Shahida na mambo yake."

Wilf alikubali kwamba angesema hivyohivyo. "Sasa nifanyeje?"

"Kwetu mtu akipandwa, anaulizwa yule aliyempanda: wewe nani, na unataka nini? Usimpigie kelele. Muulize kama unavyomuuliza mgeni." Alichukua kapu lake la nguo. "Na mimi nitakuombea. Ila usiniite niingie humo."

Wilf alimuuliza Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wakati nyama ya kuoka ilikuwa bado mezani.

"Wewe si mke wangu," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kula, Wilf, viazi vinapoa."

"Wewe ni nani, na unataka nini?"

Mkono wa kushoto uliweka uma chini. Kilichojibu kilikuwa koo la Doreen, lakini maneno yalikuja taratibu, kila moja likiwekwa mahali pake.

"Nadhani unanijua, Bwana Shaw. Ulimleta kwangu mwenyewe kwa basi lako mara ya kwanza. Na sitaki zaidi ya nilicho nacho tayari."

Wilf alishika ukingo wa meza.

"Sikukusudia," Lomax alisema. "Nataka ujue hilo. Kifua kilinibana, nikajikuta nami niko chini, kwenye ngazi ambazo niliwatelemshia watu miaka ishirini bila kuziona kwa macho yangu. Naye alikuwa pale, amesimama na mkoba wake. Ngazi zenyewe ni nyembamba, hazipitishi wawili. Nikamwambia, samahani, nimekuzibia njia. Akajibana ukutani. Akaniambia, 'Hapana, tangulia wewe.'"

Wilf alijua kuwa ni kweli, na kujua huko ndiko kulikomvunja. Doreen alisema hivyo kwenye mlango wa basi, kwenye foleni ya mkate, kwa watu waliokuja nyuma yake na hata kwa watoto. Angesema hivyo nyumba ikiungua.

"Basi njia iko wazi sasa. Mbona hapandi?"

"Kwa sababu nilimwambia asubiri sauti yangu. Ni mgonjwa mzuri sana mkeo. Niliwapata wachache kama yeye."

"Mhesabie, basi. Nakuomba."

"Akipanda, mimi nitakwenda wapi?" Lomax aliuliza. Hakuuliza kwa ukatili. Aliuliza kama mtu aliyepata kiti ndani ya treni baada ya kusimama safari nzima, na Wilf aliona kwamba hapa hapana wa kugombana naye, kuna mtu tu asiyetaka kufa.

Ndipo alipoikumbuka kaseti.

Alikimbilia droo, akarudi na redio kaseti yenyewe, akaiweka katikati ya sahani. Lomax alijaribu kuinuka, lakini Wilf alikwisha kubonyeza, na sauti ya Lomax aliyekuwa hai ilipoanza kusema, "Sasa, Doreen, fumba macho," mwili ule ulirudi kitini wenyewe na macho yakafumba, maana masikio yalikuwa yale yale ya Doreen na yalikuwa yamezoea kutii. Wilf alingoja ngazi kumi za kushuka. Alingoja ule ukimya. Mikono yake ilikuwa imeshikana kama ya mtu kanisani, ijapokuwa alikuwa hajaingia kanisani tangu alipooa.

"Nami nitahesabu, nawe utapanda. Moja."

Chini ya sakafu, mkoba uliokotwa.

Lomax alikuwa na tabia ya kunyamaza kirefu baina ya namba na namba, ili mtu apande bila haraka. "Mbili," ilisema kaseti, na Wilf alisikia ndara za sufu, laini, zikija juu, akalia kwa sauti bila aibu. Ukimya ukapita. "Tatu." Uso wa mkewe ulianza kufunguka kutoka ndani, macho yakafumbuka, na alikuwa yeye, alikuwa Doreen kabisa ndani ya macho yale, anamtazama kama mtu aliyerudi safari na kuikuta familia imesimama kituoni, akangoja, na Wilf naye akangoja, na ukimya ukawa mrefu, ukawa mrefu mno, na kabla hajakumbuka ni nani aliyewahi kuusikiliza ukimya huo akauona mtupu na kubonyeza kitufe juu yake, bendi ya tarumbeta ilianza kupiga.

Ilipiga dakika kumi na moja. Dakika zote hizo Doreen alikaa kwenye namba ya tatu, juu kiasi cha kuona, chini kiasi cha kutoweza kusema. Macho yake yalitiririka machozi juu ya mdomo ambao Lomax alikuwa ameushika, na mdomo ulikuwa unatabasamu. Wilf alipiga magoti akapiga kelele, "Nne! Nne, Doreen, tano, njoo, mpenzi, njoo," lakini Doreen alikuwa ameambiwa asubiri sauti nyingine, naye hakuwahi maishani kutangulia kabla ya kuitwa. Muziki ulipokwisha kitufe kiliruka. Hatua zilishuka, moja moja, bila lawama.

"Pole," Lomax alisema. Akavuta sahani yake karibu. "Pole sana."

Wilf hakukata tamaa siku ile. Alimtafuta mama mmoja wa Royton, mji wa jirani, aliyetibiwa miguu na Lomax, akaazima kaseti yake. Namba zote tano zilikuwamo, lakini zilimwita Marjorie, na kule chini Doreen alijua kwamba yeye si Marjorie, kwa hiyo hakusogea. Kisha barua ya hospitali ikafika. Miezi kumi na minne ilikuwa imetimia. Wilf aliisoma amesimama, akaibusu.

Muuguzi wa tiba ile aliitwa Sista Ogden, mwanamke mnene mwenye sauti ya joto, na alikuwa hodari. Hilo lazima lisemwe. Wilf alimvuta kando kwenye ujia kabla ya kuingia, akamwambia kila kitu, kwa kunong'ona, kofia ikizunguka mkononi.

Sista Ogden alimsikiliza mpaka mwisho. "Bwana Shaw, kipenzi, nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Hakuna mtu aliyewahi kubaki chini."

"Mhesabie tu, Sista. Hata kama mimi ni mwehu. Moja mpaka tano."

"Nitamhesabia," alisema, na alimshika bega. "Na wewe, usiku unapata usingizi?"

Alimhesabia vizuri kuliko Lomax, bila kunyamaza kirefu. Alipofika tano, macho yalifunguliwa na Lomax alijinyoosha akasema, "Asante, Sista, nimepumzika kweli." Akajaza fomu yao ya maswali kwa mkono wa kushoto, ambao Doreen hakuwahi kuandikia. Maumivu: hakuna. Kujaa tumbo: hakuna. Je, ugonjwa unakuzuia kuishi unavyotaka? Hapana. Sista Ogden alisema hajawahi kuona fomu safi namna ile, akaandika kwamba mgonjwa amepona na jina lake liondolewe kwenye orodha. Wilf alimtazama akiandika. Alikuwa hana tena mtu wa kumwomba.

Kilichobaki kilikuwa zile dakika kumi na moja. Kila siku akitoka zamu, Wilf aliweka redio mezani, na Lomax hakuwa na uwezo wa kuzuia, na baada ya muda hakujisumbua kujaribu. Moja, mbili, tatu, halafu bendi. Wilf alimshika mkewe mkono, akamweleza habari za mjini: nani kaoa, basi gani limeharibika, Shahida amepata mjukuu. Doreen alimtazama na kulia. Kila siku alilia zaidi, na Wilf hakujua kama ni kwa furaha ya kumwona au kwa uchungu wa kufikishwa mlangoni kila siku na kurudishwa. Utepe nao ulianza kuchakaa. Sauti ikawa inazama, na ile "tatu" ilianza kusikika kama mtu anayesemea ndani ya blanketi.

Mwezi Februari, siku ya mvua, alimuuliza.

"Doreen, nisikilize, mpenzi. Sijui kama nakufanyia wema au ubaya. Ukitaka niendelee, nitazame hivyohivyo. Ukitaka niache, fumba macho. Lolote utakalo nitalifanya."

Bendi ilikuwa imefika kwenye kile kipande chake mwenyewe, pale alipopiga peke yake na kukosea noti moja. Macho ya Doreen yalimtazama muda mrefu. Kisha yalifumba.

Machozi yaliendelea kupita chini ya kope.

"Vizuri," mdomo ulisema. "Vizuri sana."

Wilf alitoa kaseti, akauvuta utepe wote kwa vidole mpaka ukajaa mapajani, akautia ndani ya moto wa sebuleni. Ulinuka plastiki. Alijiambia kwamba amemwachia apumzike, kwamba sasa kule chini kimya kimemfunika na hapana maumivu, kama alivyoahidiwa. Jioni ile Lomax alimtengenezea chai, naye akainywa.

Asubuhi Wilf alikuwa jikoni anafunga kamba za viatu, ameinama, sikio karibu na vigae. Chini yake mtu alikohoa. Alikohoa kidogo tu, ngumi mdomoni, kama anavyokohoa mtu aliyengoja sana kwenye foleni, anayeanza kuhofu kwamba amesahauliwa lakini hataki kumsumbua mtu.